Somo: Leza inavyokata chuma, na kwa nini gesi ni nusu ya kazi

Wanakundi, habari zenu. Anayeulizia mashine ya leza karibu kila mara huanza na "ina kilowati ngapi?" Mimi ningeanza na gesi. Mwanga unayeyusha chuma, lakini kinachokiondoa njiani ni gesi. Leza ilikuwepo tangu 1960, ila bati la chuma la milimita 1 lilikatwa kwa msaada wa oksijeni Mei 1967, Uingereza, kazi ya mtafiti Peter Houldcroft.

Tuchukue flanji ya chuma cha kawaida, unene milimita 6, mashine ya faiba (leza ambayo mwanga wake huzalishwa ndani ya nyuzi za kioo) ya kilowati 3.

Hatua ya 1: Mchoro. Chora kwenye kompyuta, hifadhi kama DXF (aina ya faili la mchoro). Mistari ifungane, na pasiwe na mstari juu ya mstari, la sivyo kichwa cha mashine kitapita palepale mara mbili. Programu itabananisha vipande kwenye bamba ili chakavu kipungue.

Hatua ya 2: Bamba. Ondoa kutu nzito, rangi na mafuta, kisha lilaze mezani.

Hatua ya 3: Gesi. Hapa tulia. Chuma cha kawaida kikishapata moto huungua ndani ya oksijeni na kutoa joto lake chenyewe, ndiyo maana mashine ya nguvu ndogo hukata bamba nene. Presha inayotakiwa ni ndogo, bar 1 hivi au chini yake. Ubaya wake, ukingo hubaki na ngozi nyeusi ya oksidi. Kama kazi itapakwa rangi, isugue kwanza, vinginevyo rangi itabanduka pembeni.

Stenlesi na alumini hupewa nitrojeni. Yenyewe haiunguzi chochote, hupuliza tu, kwa hiyo inahitaji presha kubwa, bar 10 na kuendelea. Ukingo hutoka unang'aa, lakini mitungi inaisha upesi mno. Kwa bati jembamba, hewa ya kompresa iliyokaushwa na kuchujwa vizuri inatosha, na gharama yake ni ndogo.

Hatua ya 4: Fokasi. Lenzi hukusanya mwali kuwa doa dogo sana. Nozeli, mdomo unaotoa mwali na gesi, hukaa kama milimita 1 juu ya bamba, na sensa huipandisha na kuishusha bamba likiwa na mawimbi.

Hatua ya 5: Kukata. Toboa upande wa chakavu, ndipo uingie kwenye mstari. Matundu ya ndani yatangulie, mzunguko wa nje uwe wa mwisho, kwa sababu kipande kikishaachia kinaweza kuhama. Tazama cheche: zikishuka wima, mwendo uko sawa, zikibaki nyuma sana, punguza mwendo, zikirudi juu, simamisha, bamba halikatiki.

Faida yake mtaiona hapo. Hakuna kisu kinachogusa chuma wala dai (kalibu ya kukatia umbo) ya kuchonga. Joto hukaa sehemu finyu, hivyo bamba halipindi ovyo. Mteja akibadili umbo, unabadili mchoro tu.

MASWALI

Mkuu, stenlesi yangu inaacha matone magumu chini ya mkato. Shida nini?
Kata mraba mdogo. Matone yakiwa upande mmoja tu, mwali hauko katikati ya nozeli, au tundu lake limeharibika. Yakiwa pande zote, ongeza presha ya nitrojeni au shusha fokasi iingie ndani ya bamba.

Shaba nyekundu inakatika?
Kwa faiba ndiyo. Shaba hurudisha mwanga, na mwali wa leza za zamani za kaboni dioksidi, wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, huurudisha karibu wote. Wa faiba, kama mikromita 1, hunyonywa vizuri zaidi. Hata hivyo muulize muuzaji kama mashine ina kinga ya mwali unaorudi.

Miwani ya kuchomelea inafaa?
Hapana, ndugu yangu, tafadhali. Mwali wa faiba hauonekani, na lenzi ya jicho huukusanya moja kwa moja kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho. Tumia miwani iliyoandikwa urefu wa wimbi (nanomita) wa mwali wa mashine yako, na milango ya mashine ibaki imefungwa. Ukikata mabati, feni ya kuvuta moshi iwe inafanya kazi. Moshi wa zinki huleta homa.

Natengeneza mageti machache kwa mwezi. Ninunue?
Usinunue sasa. Peleka DXF kwa mwenye mashine, ulipie ukataji. Fikiria kununua pale kazi za kukatisha nje zitakapokuwa za kila siku, na ukiwa na umeme wa kutosha na msambazaji wa gesi aliye karibu.