Kalamu Ikigoma: Mpe Mhusika Wako Kanga

Mwongozo huu ni wa mwandishi wa hadithi ambaye wahusika wake wamekaa tu, hawasemi wala hawaendi popote. Mara nyingi aliyekwama hajakosa la kuandika, ila anaogopa kuandika sentensi isiyopendeza. Dawa yake ni mchezo wenye masharti madogo. Tenga dakika 40 hivi.

Hatua ya 1. Simu ikae chumba kingine. Tumia daftari la shule na kalamu ya wino, si kompyuta, kwa sababu kompyuta inakuruhusu kufuta kila dakika, na kufuta ndiko kunakokukwamisha.

Hatua ya 2. Kwa dakika 5, andika sentensi mbovu kwa makusudi. Tia kila msemo uliochakaa: mtu ashikwe na butwaa, machozi yamtoke njia mbili mbili. Usizisome tena. Fungua ukurasa mpya.

Hatua ya 3: jina la kanga. Hapa usiharakishe. Kanga ina pindo (ukingo wake), mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi yake), na kazi yako ni jina: mstari mmoja kwa herufi kubwa, maneno yasizidi 7. Kabla ya kuandika, jibu maswali matatu. Mhusika anamsema nani? Ataivaa wapi ili msemwa aione? Ni jambo gani hathubutu kulisema kwa mdomo?

Tuseme ni wapangaji wawili wa Manzese, Dar es Salaam, wanaotumia mita moja ya LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Mmoja ana taa tu, mwenzake anawasha feni usiku kucha. Ukiandika WIVU HAUNA MAANA umekosea, kwa sababu kanga hiyo anaweza kuivaa yeyote katika hadithi yoyote. Jaribu hivi: UNAYELALA NA FENI MKUMBUKE ALIYENUNUA UMEME. Sasa tunajua nani kakasirika, kwa nini, na nani atakayeisoma akienda kuchota maji.

Makosa ya kawaida ni haya. La kwanza ni mahubiri: jina likifaa kubandikwa ukutani ofisini, lifute, maana mhusika anataka kuchoma mtu, si kufundisha. La pili ni kumtaja msemwa. Kanga hupiga fumbo, na fumbo humpa msemwa nafasi ya kujifanya hajasoma. Huko kujifanya ndiko kunakokuzalia tukio. La tatu ni kunakili. Pita maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, usome majina ili sikio lizoee ufupi wake, kisha utunge lako. Jina ulilolikuta dukani halimjui mhusika wako.

Mhusika akiwa mwanamume, wengi humpa maandishi ya nyuma ya bajaji. Yanafaa kiasi, ila bajaji husema na barabara nzima, na shabaha hupotea. Ni bora dada yake au mkewe avae kanga kwa niaba yake. Hapo unapata mtu wa tatu ndani ya ugomvi bila kumtafuta.

Hatua ya 4. Msemwa ajibu kesho yake asubuhi, naye kwa kanga: MWENYE FENI HANA DENI. Kisha andika yanayotokea uani kwa dakika 15 mfululizo. Sharti ni moja tu: neno “umeme” lisitamkwe na yeyote. Wazungumzie maji, kamba ya kuanikia nguo, mtoto wa jirani.

Hatua ya 5, kwa ambaye bado amekwama. Geuza ugomvi huo uwe ubeti wa mistari minne, mizani (yaani silabi) 16 kila mstari, nane kwa nane: “Feni yake yazunguka, umeme wangu waisha.” Vina si lazima. Hesabu kwa vidole: “mtoto” ni mizani 3, “mbuzi” ni 2. Akili ikishughulika kuhesabu, haipati nafasi ya kukukosoa.

Ukirudi kwenye mswada, chukua mazungumzo ya uani tu. Kanga ibaki moja, ile yenye makali zaidi, kwa sababu zikiwa mbili ukurasani msomaji ataona ufundi wako badala ya kuona ugomvi wao. Na uache kazi katikati ya sentensi, mhusika akiwa ameshika ndoo, ili kesho uanze kwa kuimalizia.