Namna ya Kuomba Fedha za Kaunti kwa Ajili ya Ghala la Vitu vya Kale, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu nimewaandikia wanakamati wa makavazi ya jamii na maafisa wa utamaduni nchini Kenya ambao wana vigae, shanga, sarafu na vyuma vya kale lakini hawana mahali pa kuviweka salama dhidi ya unyevu, mchwa na mikono ya wapitaji. Nimeuandika baada ya kuisaidia kamati moja ya pwani kupeleka ombi lake kwenye serikali ya kaunti. Wengi hudhani kwamba kazi ngumu ni kumpata mwanasiasa wa kuwaunga mkono. Kwa niliyoyaona, ombi huanguka kwa sababu limefika wakati kalenda ya bajeti imekwisha pita, au kwa sababu limeomba jengo tupu bila fedha za kuliendesha, na hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa kuwa hata likikubaliwa vitu huendelea kuoza ndani ya jengo jipya.

Hatua ya kwanza: Pata barua ya uangalizi na karatasi za kiwanja

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kitaifa majukumu juu ya majengo na kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa, na linaziweka makavazi na maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Maana yake ni kwamba kaunti ina haki ya kutumia fedha zake kwa makavazi ya eneo lake, ila haiwezi kumwaga fedha Gedi au Fort Jesus kana kwamba ni mali yake, pasipo makubaliano ya maandishi kati ya serikali hizo mbili.

Kuna jambo jingine ambalo kamati nyingi hazilijui. Chini ya Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya 2006, vitu vya kale vilivyomo ardhini ni mali ya Serikali, na mtu anayegundua kitu cha aina hiyo anatakiwa kuwaarifu Makavazi ya Taifa ya Kenya katika muda wa siku saba, akieleza mahali hasa na mazingira alimokipata. Kwa hiyo kikapu cha vigae kilichookotwa shambani na kuwekwa nyumbani kwa mzee wa mtaa si mali ya mzee, wala ya kamati, wala ya kaunti. Andikeni kwa Makavazi ya Taifa, mtoe taarifa ya mlivyo navyo, kisha muombe barua inayowaruhusu kuvitunza kwa niaba yao na kutaja masharti ya utunzaji huo. Ambatanisheni pia karatasi za umiliki wa kiwanja, kwa sababu mkaguzi wa hesabu atauliza kwa nini fedha za umma zimejenga juu ya ardhi ya mtu binafsi, na swali hilo likikosa jibu, afisa mwenye kutia saini malipo hatatia saini.

Hatua ya pili: Hesabu na upime

Orodhesheni kila kitu, kila sanduku na kila rafu. Mimi napendelea daftari gumu la kurasa zenye namba, lililoandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika, pamoja na nakala ya jedwali la kawaida la kompyuta. Sishauri kununua programu ya kusimamia makusanyo katika mwaka wa kwanza, kwa maana leseni ikikwisha na aliyefundishwa akahamishwa, rejista yote hubaki imefungiwa mahali ambapo hakuna wa kuifungua.

Kwa upangaji wa ghala lenyewe, tumieni RE-ORG, mbinu ya kupanga upya maghala ya makavazi iliyotolewa na ICCROM (shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi wa kitamaduni) na UNESCO, ambayo ilibuniwa kwa ajili ya makavazi madogo yenye fedha kidogo. Inawauliza mambo manne: utawala, jengo, makusanyo, na samani na vifaa. Mkimaliza mtakuwa na takwimu zenu wenyewe za kuweka kwenye ombi: vitu vingapi havina namba, masanduku mangapi yako sakafuni, rafu za mita ngapi zinahitajika. Afisa wa mipango hawezi kuandika bajeti kutokana na sentensi inayosema kwamba urithi wetu unapotea, lakini mita 40 za rafu anaweza kuziandikia bei.

Hatua ya tatu: Tenganisha fedha za maendeleo na fedha za matumizi ya kawaida

Nawaomba wasomaji wakae na hatua hii kuliko nyingine zote.

Bajeti ya kaunti ina mafungu mawili makubwa, yaani matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, katika kipindi cha kati, yaani kwa miaka kadhaa ikijumlishwa, itengewe maendeleo. Kwa sababu hiyo jengo la ghala, likiwa na kuta na paa la kuonyesha, lina mlango wa kuingilia katika bajeti. Vinavyozuia sarafu isigeuke unga wa kijani viko katika fungu la pili: umeme, mtunzaji, mifuko, punje za kufyonza unyevu, dawa ya mchwa, ukarabati wa paa kabla ya masika. Fungu hilo hugombaniwa na mishahara ya kaunti nzima, na ndilo la kwanza kukatwa mapato yanapopungua. Ombi lisilotenganisha mafungu haya husomwa kuwa ombi la jengo, linapewa jengo, na hapo mlango wa kuomba tena mwaka huohuo hufungwa.

Ili muweze kulitetea fungu la kawaida, ni lazima muweze kueleza kinachotokea ndani ya sanduku. Pwani, unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, na katika hali hiyo ukungu huota kwenye karatasi za utambulisho, ngozi na mbao. Kigae cha chungu kilichochomwa vizuri huvumilia, isipokuwa kama kimebeba chumvi, kwani unyevu unapopanda na kushuka chumvi huyeyuka na kuganda tena ndani yake, na uso wa kigae hubanduka magamba magamba. Chuma kilichotoka katika udongo wa pwani hakivumilii kabisa. Chukueni msumari mmoja wa kale mlionao, muutazame kwa kioo cha kukuzia: mkiona vitone vidogo vya rangi ya machungwa vinavyong'aa juu ya kutu, chumvi iliyomo ndani inavuta maji kutoka hewani, na msumari huo unapasuka ungali rafuni. Chuma cha namna hiyo kinahitaji unyevu chini ya asilimia 20. Shaba na shaba nyeusi zilizoanza kutoa unga wa kijani kibichi zinahitaji chini ya asilimia 40 hivi. Piga picha ya msumari huo, uiweke kwenye ukurasa wa kwanza wa jedwali la gharama.

Watu wakisikia tarakimu hizo hukimbilia kuomba viyoyozi. Msiombe viyoyozi. Bili ya umeme itaizidi bajeti ya makavazi madogo, umeme ukikatika unyevu utapanda ghafla, na mashine inayozimwa jioni na kuwashwa asubuhi huleta kupanda na kushuka kulekule kunakobandua vigae. Ombeni jengo lenye kuta nene, paa lililotokeza mbali na kuta, madirisha yanayopitisha upepo na yenye nyavu za wadudu, halafu vyuma peke yake viwekwe katika masanduku ya plastiki ya polipropilini yenye vifuniko vinavyobana, pamoja na punje za silika, ndizo zile za kufyonza unyevu, na kadi inayobadilika rangi unyevu unapoongezeka. Punje zikishachoka hukaushwa katika joko kwa saa kadhaa na kurudishwa kazini, hivyo gharama yake ya mwaka wa pili hupungua sana. Chagueni zile zinazobadilika kutoka rangi ya machungwa, mwepuke za buluu, kwa kuwa rangi ya buluu hutokana na chumvi za kobalti, ambazo zina madhara kwa anayezishika kila siku. Andikeni tarehe ya kukausha juu ya kifuniko cha kila sanduku.

Sasa andikeni jedwali la miaka mitatu, maana bajeti ya kaunti hupangwa kwa mtazamo wa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza una safu mbili, ya maendeleo na ya kawaida. Mwaka wa pili na wa tatu safu ya maendeleo itakaribia sufuri, na ile ya kawaida iendelee bila kukatika. Kwa kila mstari onyesheni idadi, bei ya kimoja na mara ngapi kwa mwaka, bila kuandika jumla za jumla kama vile "gharama za uhifadhi", kwani mstari usio na hesabu ndani yake ndio unaofutwa kwanza.

Kuhusu mtunzaji, kuna tahadhari tatu. Msiandike kwamba kazi itafanywa na wanaojitolea, kwa sababu mstari wa mshahara usipoingia mwaka wa kwanza ni vigumu sana kuuingiza baadaye. Ikiwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti haiajiri kwa wakati huo, ombeni afisa wa utamaduni aliyepo apewe jukumu hilo kwa barua, na muda wake wa kila wiki utajwe ndani ya barua. Na ikiwa mtumishi wa Makavazi ya Taifa tayari yuko mahali penu, mshahara wake usionekane kabisa katika jedwali la kaunti.

Mwisho wa hatua hii, wekeni mstari wa kufungasha na kusafirisha vitu vinavyohitaji tiba ya maabara. Vitu vilivyopatikana baharini ni mfano mzuri: mabaki ya merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama Mombasa mwaka 1697 na kuchimbuliwa kati ya 1977 na 1980, yalihitaji kazi ndefu ya maabara ya uhifadhi ya Fort Jesus, na hakuna ghala la kijijini linaloweza kazi ya aina hiyo. Mvuvi akiwaletea kitu kilichokaa baharini, kiacheni kilowe majini, muwaite wataalamu, na gharama ya safari iwe imekwisha kuandikwa.

Hatua ya nne: Fuata kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini ombi linaloandikwa Juni kwa ajili ya Julai hiyohiyo limechelewa karibu mwaka mzima. Kufikia tarehe 30 Agosti hutolewa waraka wa maelekezo ya bajeti, na Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mradi usiokuwamo katika mpango huo huwa mgeni katika kila kikao kinachofuata. Waraka wa mkakati wa fedha hufika bungeni kufikia tarehe 28 Februari, makadirio kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria ya matumizi hupitishwa kabla ya Juni kwisha.

Kwa hiyo jedwali lenu liwe mezani kwa idara ya utamaduni kufikia Juni, kwa ajili ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai ya mwaka unaofuata. Angalieni pia mpango jumuishi wa miaka mitano wa kaunti, ambao wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kama ghala halimo, tafuteni programu iliyo karibu nalo, yawe makavazi, utalii au utamaduni, mliombe chini ya programu hiyo kwa jina lilelile lililoandikwa katika mpango. Mpango wa miaka mitano unaofuata utaandikwa baada ya uchaguzi wa 2027, na nafasi ya kuliingiza ghala kwa jina lake ni hapo.

Hatua ya tano: Kikao cha ushiriki wa umma

Nendeni na ukurasa mmoja, msome namba zenu, mkabidhi nakala kwa karani na mpate muhuri wa kupokelewa. Mwakilishi wa wadi apewe yake kabla ya kikao.

Hatua ya sita: Ununuzi

Fedha zikishapitishwa, ofisi ya ununuzi huandaa mpango wa mwaka kwa mujibu wa Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015. Jambo la kushikilia hapa ni maelezo ya bidhaa. Mkiandika "rafu", mtaletewa makabati ya mbao zilizobanwa kwa gundi, ambayo hutoa mvuke wa asidi unaokula madini ya risasi na shaba, na ambayo mchwa huyamaliza. Andikeni: rafu za chuma zilizopakwa rangi ya unga iliyookwa, ubao wa chini ukiwa sentimita 15 juu ya sakafu, na kilo ambazo kila ubao unaweza kubeba zitajwe. Kwa mifuko, andikeni polithini yenye sehemu ya kufungia, na unene wake utajwe. Ombeni mtu mmoja anayevijua vitu vya kale awe katika kamati ya ukaguzi na upokeaji, akiwa na ruhusa ya kukataa mzigo usiolingana na maelezo.

Fedha ambazo hazikutumika kufikia tarehe 30 Juni hukoma, na kuzipata tena ni kuanza upya. Fungu la kawaida ndilo hupotea kwa njia hii, kwa kuwa watu hushughulika na mkandarasi wakasahau kuagiza masanduku. Agizeni masanduku na punje za silika katika robo ya kwanza, hata kabla ya paa kupanda, na vyuma vianze kuwekwa humo mara moja, katika chumba chochote mlicho nacho.

Hatua ya saba: Ripoti ya kila robo mwaka

Kifaa kidogo cha kurekodi joto na unyevu kikae ndani ya ghala, kingine ndani ya sanduku moja la vyuma. Kila robo mwaka pelekeni kwa afisa mkuu wa idara grafu ya vifaa hivyo viwili, idadi ya vitu vilivyopata namba, na stakabadhi za kila shilingi ya fungu la kawaida. Ripoti ya robo ya nne ifike kabla ya waraka wa Agosti, ikiwa imeambatanishwa na jedwali la mwaka wa pili na lile la mwaka wa tatu.