Mambo ya kuzingatia kabla ya kuanzisha bustani ya nyumbani kwenye mchanga wa Pwani

Dar es Salaam, Bagamoyo au Tanga, kinachopanga ukubwa wa bustani ya nyumbani ni maji, siyo uwanja. Kwa hiyo kabla ya kununua mbegu, hesabu ndoo. Jua likiwa kali, mita moja ya mraba ya mboga hutumia kama lita 5 kwa siku, na kwa kuwa mchanga haushiki maji, weka hesabu ya lita 8. Tuta la mita 1 kwa mita 5 linataka ndoo mbili za lita 20 kila siku, moja asubuhi na moja jioni. Mwenye uwezo wa ndoo nne alime matuta mawili, basi. Mchicha ukikosa maji hukimbilia kutoa mbegu ungali mdogo, na hapo hakuna cha kuchuma.

Kama unategemea kisima, yaonje maji yake. Visima vya karibu na bahari mara nyingi vina chumvi, na hujionyesha kwa ukoko mweupe juu ya udongo uliokauka na kingo za majani kuungua. Maharage hayawezi kabisa maji hayo. Spinachi huvumilia, nyanya nazo kwa kiasi. Mwagilia shinani, si juu ya majani, na mara moja kwa wiki ongeza maji mengi ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Kisha tazama kivuli kinavyohama: saa tatu asubuhi, saa sita, saa kumi. Nyanya, bamia, pilipili, waridi na zinia zinahitaji jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Mchicha na matembele hutosheka na jua la muda wa saa nne. Usipande ukutani kabisa. Acha angalau nusu mita, kwa sababu mafundi huzika hapo mabaki ya zege na chokaa. Mmea wa mahali hapo hutoa majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani, na watu huongeza mbolea wakidhani una njaa. Chokaa huufungia madini ya chuma. Bora kuhamisha tuta.

Kazi kubwa ni udongo, na ianze mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda. Tafuta samadi iliyooza, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, uichanganye na udongo hadi kina cha sentimita 20. Ya kuku ni kali, hivyo ndoo nusu inatosha. Ingiza mkono katikati ya rundo: ukikuta joto, au harufu inayochoma pua, bado ni mbichi na itaunguza mizizi. Ilowanishe, ifunike, uigeuze kila wiki mpaka ipoe.

Ndago zitolewe pamoja na vile vifundo vyeusi vya chini. Kukatakata kwa jembe huzitawanya tu, na kila kifundo huwa mche mpya. Ukishaandaa tuta, limwagilie kisha liache wiki mbili bila kupanda. Magugu yataota, yang'oe, ndipo upande. Wengi huruka hatua hii kwa haraka, halafu hupalilia msimu mzima.

Kama palikuwa na bustani zamani, ng'oa bilinganya au bamia kuukuu utazame mizizi. Ikiwa imevimba mafundomafundo, kuna minyoo fundo, wanaopenda sana udongo wa kichanga. Nyanya isipandwe hapo. Maua ya marigoldi huwapunguza, ila lazima yajaze tuta zima kwa miezi miwili au mitatu. Mashina machache ya pembeni ni pambo tu.

Msimu nao una masharti. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, inua matuta sentimita 20 ili maji yasituame. Kiangazi yazamishe kidogo yabaki na unyevu. Nyanya sia kitaluni mwezi Mei, chini ya kichanja, uhamishe Juni. Ile inayochanua Januari au Februari hupukutisha maua kwa sababu usiku ni wa joto mno, na dawa ya dukani haibadilishi hali ya hewa.

Mbegu nunua zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania, na tarehe isiyopita. Za zamani, laza 20 kwenye kitambaa kibichi kwa wiki moja. Zikiota chini ya 12, tupa. Kitaluni panda kina cha sentimita 1, mistari ikiachana sentimita 15. Ukisonga miche na kuilowesha kila jioni, kinyausi, ugonjwa wa ukungu, kitaikata shinani kwa usiku mmoja.

Vifaa ni vichache: jembe, reki, keni ya kumwagilia na kamba. Nyasi kavu za kutandaza unene wa sentimita 5 zikusanywe mapema, zisiguse shina. Bogenvilia ipande mbali na matuta, maana ikipata maji na samadi ya mboga hutoa majani tele na maua machache. Na uzio ujengwe kabla ya kusia, kwani kuku wa jirani hufukua kitalu kizima kabla hujamaliza kunywa chai.