Buibui Mbwamwitu Akiingia Ndani: Weka Kandambili Chini

Buibui mkubwa wa kahawia anayekatiza sakafuni usiku, asiye na utando wa kutegea, mara nyingi ni buibui mbwamwitu. Amefuata mende na nyenje, wala hana shida na wewe. Kumhakiki, zima taa, shika tochi usawa wa macho yako, mulika sakafuni: macho yake yatakumetia kijani. Yako manane: manne madogo chini, mawili makubwa juu yake, na mawili mengine nyuma kidogo.

Kabla ya kumpiga, tazama mgongo. Ukiona kama manyoya yanatikisika, hao ni watoto amewabeba, na wanaweza kupita mia. Pigo moja la kandambili na wote watatawanyika chini ya makochi. Hawadhuru, ila utafagia mpaka uchoke.

Chukua glasi pana inayoonyesha ndani na jalada gumu la daftari. Karatasi laini hujikunja naye akapenya. Mfunike kutoka juu bila papara, ukiangalia ukingo usimkate mguu. Penyeza jalada polepole ili apande juu yake mwenyewe, bana vizuri, kamwachie kwenye nyasi mbali na mlango.

Dawa ya kupuliza hapa ni hasara tu. Maadamu mende wapo, atakuja mwingine. Ziba upenyo wa chini ya mlango kwa ukanda wa mpira, na zima taa ya barazani inayovuta wadudu.

Huuma akibanwa, hasa ndani ya kiatu au nguo iliyolala chini, kwa hiyo kung'uta kwanza. Akikuuma, osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kitambaani dakika 10, pumzisha, rudia. Maumivu, wekundu na uvimbe kidogo ni kawaida. Ukipumua kwa shida, uso ukivimba, misuli ikikaza au kidonda kikitoa usaha, nenda hospitali.

Na yale malengelenge ya mstari shingoni asubuhi, ambayo watu husema “nimekojolewa na buibui”? Buibui anasingiziwa. Mara nyingi ni nairobi-flai, kidudu chembamba chekundu na cheusi, aliyepondwa juu ya ngozi. Sumu imo ndani ya mwili wake. Akitua juu yako, mpulize aondoke, usimsugue. Ukishamponda, osha hapo hapo kwa sabuni bila kungoja kuwashwa, kwani malengelenge huchelewa hadi kesho yake, na usijiguse macho kabla ya kunawa.