Kuandika Ushahidi wa Waliohama Msitu wa Boni

Mtu aliyekimbilia kwa jamaa zake Mombasa kwa sababu ya Operesheni Linda Boni, msako wa vikosi vya usalama vya Kenya dhidi ya al-Shabaab ulioanza Septemba 2015 huko Lamu na Garissa, asiharakishwe: mwache asimulie kwa mpangilio wake, kisha utenganishe katika maandishi aliyoyaona mwenyewe na aliyoyasikia. Tarehe aliyoisahau iulizie kwa kusi, kaskazi au Ramadhani. Mali iliyoachwa iandikwe yote, hata mizinga ya nyuki, ambayo waandishi wengi huidharau. Jamaa akikamatwa, saa ni muhimu, kwani Ibara ya 49 ya Katiba kwa kawaida hutaka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi. Dhidi ya wanajeshi, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Jina la msimulizi lihifadhiwe kando.