Mfupa gani umpe mbwa wako na upi usimpe kabisa

Nianze na kuku maana ndo wanaoponza mbwa wengi. Mifupa ya kuku iliyopikwa, iwe ya kukaanga, ya kuchoma au ya mchuzi, usimpe mbwa. Najua utasema mbona mbwa wa bibi kijijini wamekula miaka yote na wako hai. Kweli wapo waliosalimika, ila wale waliokutwa wamekufa nyuma ya banda hakuna aliyewapasua akaangalia tumboni kulikuwa na nini, tulisema tu kalishwa sumu yakaisha. Mfupa mbichi una kitu kama gundi ndani yake kinachoufanya unyumbuke kidogo, ukiupika ile gundi inatoka, ndo hiyohiyo inayofanya supu ikipoa igande, na mfupa unabaki mkavu, mbwa akiupasua unatoa ncha kali kama sindano. Ncha hizo zinachoma koo au zinatoboa utumbo, na utumbo ukitoboka ni operesheni ya haraka, vinginevyo unampoteza.

Kwa hiyo cha kujiuliza kwanza sio mfupa wa mnyama gani, ni umepikwa au haujapikwa. Mbavu za mbuzi choma zimo humohumo, mfupa wa supu ya ng'ombe nao humohumo, tena huo wa supu umelowa vitunguu, na kitunguu maji na kitunguu saumu vyote ni sumu kwa mbwa, vinaharibu chembe nyekundu za damu. Hata ile mifupa ya dukani iliyokaushwa au kupigwa moshi, yenye pakti nzuri na picha ya mbwa, imepita kwenye joto vilevile. Mwaka 2017 FDA, yani mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walitoa onyo kuhusu mifupa ya namna hiyo baada ya kupokea taarifa kama 68, mbwa karibu 90 waliugua na kama 15 wakafa.

Sasa ugumu. Mbwa mzima ana meno 42, na linalovunjika sana ni lile kubwa la juu pembeni analotumia kukatia. Kipimo ni rahisi, bonyeza hicho unachotaka kumpa kwa ukucha wa dole gumba, kama hakiingii alama hata kidogo basi kinaweza kumvunja jino. Mfupa wa mguu wa ng'ombe hapo umefeli, kwato na pembe pia. Usimpe na kipande cha tairi, kina nyaya ndani.

Madaktari wengi wa mifugo watakwambia usimpe mfupa wowote, na mimi siwapingi. Ila kama umeamua kumpa, nenda bucha asubuhi uchukue mbichi, shingo au kidari cha ng'ombe au mbuzi, zile sehemu zenye gegedu nyingi. Na hapa sikiliza vizuri: mwambie wa bucha asikukatie vipande vidogo, maana shoka linaacha vichane pembeni ya mfupa na hivyo vichane ndo vinavyomkwama. Kipande kiwe kikubwa kuliko mdomo wa mbwa, asiweze kukiingiza chote. Ukibakiza weka friza, lakini kumbuka baridi haiui bakteria, kwa hiyo mpe nje, nawa mikono kwa sabuni, na kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mgonjwa achana na mifupa mibichi kabisa.

Ile ya duara yenye uboho katikati mi siigusi tena. Mbwa wangu wa kwanza alikuwa analamba uboho, pete ya mfupa ikamvaa taya la chini ikapita chonge ikagoma kurudi, alikuwa analia na kuzunguka uwanja mzima, mpaka daktari akamchoma sindano ya usingizi akaukata kwa msumeno mdogo. Uboho wenyewe ni mafuta matupu, unaharisha, na mbwa wengine unawaumiza kongosho.

Bucha wakikuongezea mapafu au ini kwa ajili ya mbwa, usimtupie mabichi. Humo kunaweza kuwa na uvimbe wenye maji ambao ni minyoo ya ekinokoka, mbwa akila anatoa mayai kwenye kinyesi, na binadamu akiyameza anaota uvimbe kwenye ini au mapafu. Turkana kule Kenya ugonjwa huu umetesa watu miaka mingi. Chemsha nusu saa nzima, na mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari.

Halafu kuna vitu ambavyo sio mifupa na vinaua vilevile: gunzi la mahindi, kokwa la embe, kijiti cha mshikaki. Gunzi haliyeyuki tumboni, linaziba utumbo. Vikusanye mwenyewe kabla hujaondoka mezani.

Kama shida ni kutafuna viatu tu, hasa mtoto wa miezi minne mpaka saba anayebadilisha meno, karoti nzima iliyogandishwa inamtosha, au mdoli wa mpira mgumu wenye tundu ukaujaza chakula. Mdoli maarufu wa namna hiyo unaitwa Kong, Mmarekani Joe Markham aliubuni kwa ajili ya mbwa wake Fritz aliyekuwa anajiharibu meno kwa kutafuna mawe.

Akiwa anaguguna kaa naye, dakika 15 zinatosha. Kama una wawili watenganishe, watoto wasimsogelee, na usimpokonye, mbadilishie kwa kipande cha nyama. Kikibaki kidogo cha kumezeka, tupa.

Ukiona anatoa udenda, anajikuna mdomo kwa mguu, anatapika, anakazana choo hakitoki au kinatoka na damu, nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Usimpe tonge la ugali kama tunavyofanya sisi tukikwamwa na mwiba wa samaki, na usimtapishe, ile ncha itamchana tena ikirudi.