Ukitaka kuielewa LEGCO ya Uganda, anza na viti

Nikiwapa wanafunzi wangu hapa Jinja mada ya LEGCO, yaani Baraza la Kutunga Sheria la enzi za Mwingereza, wengi hukimbilia kukariri sheria. Acha sheria kwanza. Chukua karatasi, chora meza, ujiulize: nani amekaa, nani kamweka, na kiti kipi ki wazi?

Anzia Entebbe, Machi 1921. Anayeongoza kikao ni Gavana Robert Coryndon mwenyewe. Wamemzunguka maofisa wake, ambao kura yao ni ya serikali, pamoja na Wazungu wawili wa nje ya serikali. Mwafrika hata mmoja hayumo. Wahindi walitengewa kiti kimoja wakakikataa: iweje Wazungu wawili, wao mmoja? Kiti kikakaa kitupu hadi 1926. Kitie alama nyekundu, maana kususia utakutana nako tena na tena.

Pembeni chora meza ya pili, ya Lukiiko, baraza la ufalme wa Buganda, ambayo Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza uliipa wajumbe 89. Usipoichora hutaelewa kwa nini Mengo, makao ya serikali ya Buganda, iliitazama LEGCO kwa jicho la shaka. Waliokuwa na baraza lao tayari waliona hili la nchi nzima litawameza.

Ukifika 1945 andika majina matatu ya Waafrika wa kwanza: Michael Kawalya Kagwa wa Buganda, Petero Nyangabyaki wa Bunyoro na Yekonia Zirabamuzaale wa Busoga (huyu wa kwetu, ndiyo maana namtaja kwa sauti kubwa kidogo). Mbele ya kila jina andika "aliteuliwa". Wote watatu walikuwa na vyeo vikubwa katika tawala za kwao, na hakuna aliyepigiwa kura na wananchi. Je, mtu wa namna hiyo angeweza kumbana Gavana kiasi gani? Swali hilo lijibu kwa aya nzima, usiliruke.

Miaka ya Gavana Andrew Cohen viti viliongezwa. Pita haraka, ila simama 1956 kwa Pumla Kisosonkole, mzaliwa wa Afrika Kusini, mwanamke wa kwanza Mwafrika barazani.

Mwaka 1958 watu wanachagua wajumbe moja kwa moja kwa mara ya kwanza. Milton Obote anachaguliwa kutoka Lango, Buganda inasusa. Uchaguzi wa Machi 1961 Mengo inasusa tena, na hapa ndipo karatasi yako itakusaidia. Watu wachache wa Buganda waliojitokeza kupiga kura waliipa chama cha DP (Democratic Party) karibu viti vyote vya Buganda. UPC (Uganda People's Congress), chama cha Obote, ilipata kura nyingi zaidi nchi nzima, lakini Benedicto Kiwanuka wa DP ndiye aliyekuwa Waziri Kiongozi. Mwanafunzi akiniandikia kwamba DP ilishinda kwa sababu ilipendwa zaidi, namrudishia karatasi yake akachore viti upya.